Nakala ya Kuonja

Katika mambo ya alama zinazofichwa ndani ya picha za video, hakuna mtu anayenishinda mimi. Nasema hivyo bila woga kwa sababu fundi aliyenifundisha yuko safarini na hawezi kunikanusha. Siku ya kwanza aliponiambia kuna alama isiyoonekana, nilimuuliza, kama haionekani, wewe umejuaje ipo? Akavua miwani, akaomba maji ya kunywa. Mimi ni wa darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikaa karibu na dirisha. Basi nikieleza vizuri humu, msifuni yeye. Nikivuruga, mnajua nilikuwa naangalia wapi.

Jumatano, saa tatu asubuhi, mpelelezi ambaye wenzake kituoni walimwita Sindano alikuwa amesimama katikati ya studio ya filamu akikataa kiti kwa mara ya tatu. Jina hilo walimpa kwa wembamba wake, na kwa jinsi anavyochoma akianza kuuliza. Hakuweza kukaa. Kila simu ndani ya jengo lile ilikuwa ikilia, na kila iliyolia ilikuwa na habari moja.

Filamu ya studio, iliyochukua miaka miwili kutengenezwa, ilikuwa ianze kuonyeshwa kumbini Jumamosi. Jumatatu adhuhuri ikawa tayari kwenye simu za watu, nzima, tangu mwanzo mpaka majina ya mwisho. Kabla ya hapo nakala zilikuwa tisa tu, zimepelekwa kwa watu tisa, na ndani ya kila nakala fundi alikuwa ameficha namba. Mashine ilipoichunguza ile filamu ya wizi, ikasoma saba. Daftari la studio likafunguliwa. Namba saba ilikuwa ya mhariri, mama mmoja mjane aliyekuwa akiitwa Mkasi kwa kazi yake ya kukata na kuunga.

Saa kumi jioni, mwanasheria wa kampuni iliyoinunua filamu angekuja kuchukua jina la mwizi. Akilikosa, mkataba unavunjwa. Akilipata, Mkasi anakwenda mahakamani, na hakuna studio itakayomkalisha tena mbele ya mashine maisha yake yote.

"Jina si mnalo?" alisema mwenye studio. "Mimi sioni tunachongoja."

Huyu wote walimwita Mjomba. Nusu ya wafanyakazi walikuwa wapwa zake kweli, na nusu nyingine walikuwa wamechoka kubishana. Alikuwa na tumbo la heshima na miwani ya fremu za dhahabu.

"Nangoja kuelewa," Sindano akasema. "Wewe nakala yako ilikuwa namba ngapi?"

"Mimi? Sina." Mjomba akajivuta juu. "Muulize yeyote. Miaka ishirini sijawahi kutazama filamu yangu kabla ya watazamaji. Naingia ukumbini nao, nacheka nao, nalia nao. Hata hii ya wizi sijaigusa. Niifungue ili iweje, nimpigie mwizi makofi?"

Mfanyakazi mmoja aliyekuwa akipita na waya begani akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli, kila mtu aliijua sifa hiyo, kwa sababu hakuna wiki iliyopita bila Mjomba kuisema.

Sindano akaomba apelekwe kwa fundi.

Chumba cha nakala kilikuwa mwisho wa korido, kidogo, hakina dirisha, kina mashine mbili na feni iliyokuwa ikigonga kitu kila inapozunguka. Fundi alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mtoto wa dada yake Mjomba, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote hazina vifuniko.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," Sindano akasema.

"Mama yangu aliwahi kuniambia nitafute kazi ya maana, Afande."

"Basi nieleze mimi."

Fundi akawasha kioo cha mashine. "Kila nakala ina chapa mbili. Hii ya kwanza unaiona. Jogoo, chini kulia, miguuni pa watu. Hiyo ni ya kutisha wezi, kama kuandika mbwa mkali mlangoni na mbwa mwenyewe huna. Ya pili huioni." Akaikuza picha mpaka ikawa vidoa vitupu, vya kahawia na vyeusi. "Picha ni vidoa. Hiki nakiongezea mwanga kidogo, hiki nakipunguzia. Kidogo sana, jicho halishtuki. Lakini mashine ikiweka nakala hii kando ya nakala mama, ile isiyo na alama, inaona kipi kimepanda na kipi kimeshuka. Ule mpangilio ndio namba."

"Na mwizi akikata pembeni?"

"Mpangilio unajirudia picha nzima. Akikata, kipande kilichobaki kinamtaja."

"Akirekodi kioo kwa simu?"

"Kinamtaja."

"Akiikamua mpaka iwe ya kutuma kwenye makundi ya simu?"

"Afande, hata akiipaka masizi."

Sindano hakuwa mtu wa kuambiwa. Akachukua nakala mojawapo kati ya zilizorudishwa kabatini bila kumwonyesha Fundi, akaicheza, akairekodi dakika tatu kwa simu yake mwenyewe, ameishika upande, kidole gumba kimeziba kona. Akaituma kwa mwenzake kituoni, mwenzake akairudisha, ikafika imefifia kama nguo iliyofuliwa miaka kumi. Akampa Fundi.

Mashine ikanguruma. Feni ikagonga. Sindano akaizunguka meza mara nne.

"Namba tatu," Fundi akasema.

Sindano akageuza nakala aliyokuwa ameishika. Namba tatu. Basi mashine haikuwa inaropoka, na hiyo ilikuwa habari mbaya kwa Mkasi.

Akamkuta chumba cha uhariri. Mjomba alikuwa ameshaamuru kibodi iondolewe, kwa hiyo yule mama alikuwa amekaa mbele ya kioo kilichozimwa, na vidole vyake vilikuwa vikibonyeza meza tupu, kulia, kushoto, kulia, bila mwenyewe kujua.

"Nakala yako uliifanyia nini?"

"Niliitazama nyumbani, Ijumaa jioni. Ndiyo kazi yake. Hapa vioo ni vizuri mno, vinadanganya. Lazima uione kwenye televisheni ya kawaida, yenye kelele za nyumba."

"Ulitazama na nani?"

"Mama mkwe. Alilala dakika ya kumi, akaamka mwishoni akaisifu sana." Akatabasamu nusu, tabasamu likafia njiani. "Kisha nikaifunga kwenye bahasha. Jumatatu nikairudisha. Hiyo ndiyo hadithi yangu yote, Afande, wala haina sehemu ya pili."

"Huyo mama mkwe ni..."

"Mama yake Mjomba. Marehemu mume wangu na Mjomba ni toka nitoke. Studio hii waliianzisha wawili."

Kabla Sindano hajafungua mdomo tena, Mjomba mwenyewe akaingia na karatasi mkononi, amevaa sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Shemeji, tusifike mbali. Nimeandika hapa kwamba ilikuwa uzembe. Uzembe tu! Uliiacha mahali, mtu akaichukua. Weka saini, mwanasheria aende zake, mengine tutayamaliza kifamilia."

"Sikuiacha mahali."

"Sasa saba imetoka wapi? Mashine ina chuki na wewe?"

"Nikiandika uzembe, shemeji, nani atanipa kazi tena? Niuze mboga?"

"Kuuza mboga si dhambi."

"Basi kauze wewe, karatasi hiyo nikufungie nyanya."

Mjomba akamgeukia Sindano, ile sauti laini imekwisha. "Afande, kaka yake huyu ana kibanda cha simu. Kibanda cha simu! Dada ana nakala namba saba, kaka ana simu hamsini mezani. Hesabu hiyo hata mimi niliyefeli naiweza."

Ilikuwa kweli kuhusu kibanda. Saa tano Sindano alikuwa hapo. Palikuwa mahali pembamba kati ya duka la viatu na fundi cherehani, meza imejaa simu zilizopasuliwa matumbo. Kaka yake Mkasi hakuinua kichwa.

"Umekuja kunikamata au kubadilisha kioo? Kukamatwa kuna foleni."

"Filamu ya dada yako unayo?"

"Ninayo. Na huyu anayo, na yule pale, na mama wa viatu anayo mbili kwa sababu ya kwanza alidhani imeharibika." Akamsukumia simu yake. "Angalia nilitumiwa lini."

Sindano akaangalia. Jumatatu, saa tisa alasiri, kutoka kwa mteja. Mteja alitumiwa na wifi yake. Wifi alitumiwa kutoka kundi la watu zaidi ya mia. Tangu adhuhuri ilikuwa imeshazunguka nusu ya mji. Akazichukua simu tatu nyingine akafuata njia hiyohiyo kurudi nyuma, na zote zikaishia mbali na kibanda. Alasiri, kwa jambo lililolipuka adhuhuri, ni kuchelewa sana kwa mtu anayedaiwa kuliwasha mwenyewe.

"Dada yangu," kaka akasema, bisibisi mdomoni, "kijiko cha jirani akikikuta jikoni kwake hali chakula mpaka akirudishe. Mnamjua mnayemtafuta?"

"Namtafuta aliyefanya."

"Haya. Na huyo Mjomba mwenye pesa kasemaje?"

Sindano alikuwa ameshageuka. Alikuwa anamsikiliza fundi cherehani wa pembeni, mzee mmoja aliyeegemeza simu kwenye kopo la uzi, akitazama filamu ileile huku mguu unakanyaga.

"Mwizi wa filamu hii sijui vipaji vya nyuso vilimkosea nini," mzee akasema bila kumlenga mtu. "Kila anayesimama upande huu kakatwa kuanzia nyusi. Bibi arusi kakatwa, hakimu kakatwa. Lakini viatu, aa, viatu vyote vipo. Huyu jamaa atakuwa anauza viatu."

Mwenye duka la viatu akapiga kelele kwamba hakuhusika.

Sindano akainama kwenye simu ya mzee. Akatazama dakika moja, mbili, tano. Kisha akaondoka haraka hata akasahau kuaga, na kaka yake Mkasi akalalamika kwamba siku hizi hata polisi hawana adabu.

Saa saba na nusu alikuwa amerudi chumba cha nakala. Akaufunga mlango kwa kisigino.

"Jogoo wako anakaa wapi?"

"Chini kulia, Afande. Nilikuonyesha."

"Kwenye nakala zote tisa?"

"Zote."

"Niwekee ile ya wizi. Isimamishe hapo wanapozika."

Fundi akaisimamisha. Mjane wa kwenye filamu alikuwa amesimama kushoto, kichwa kimekatwa juu ya macho. Chini kulia kulikuwa na kaburi, miguu ya waombolezaji, na jozi ya viatu vyeupe vilivyojaa udongo.

"Mwizi anayetaka kuificha chapa hukata wapi?"

"Pale ilipo chapa."

"Jogoo angekaa wapi hapa?"

Fundi akaweka kidole kwenye viatu vyeupe. Kidole kikabaki pale.

"Mbona viatu vipo?" Sindano akauliza.

Fundi alitoa kalamu mfukoni, akairudisha, akatoa nyingine.

"Hakumfuta?" Sindano akaendelea. "Labda alimpaka kitu juu?"

"Hapana. Ukifuta panabaki ukungu. Hapa ni pasafi."

"Basi nakala hii haijawahi kuwa na jogoo. Ina namba saba, haina jogoo, na mtu kakata juu kushoto ambako nyinyi hamweki chapa kabisa. Niambie ulichonificha asubuhi."

"Sikukuficha. Hukuniuliza."

"Nakuuliza."

Fundi akakaa. Kiti kikalia. "Mimi huonja, Afande."

"Huonja nini?"

"Nakala. Nikianza kazi, ya kwanza kutoka siipi mtu. Naionja. Naitazama dakika mbili tatu nione alama fiche haijatokeza usoni mwa mtu kama upele. Ikiwa nzuri, hiyohiyo inakuwa ya kwanza. Ikiwa mbaya naifuta, natoa nyingine kwa namba ileile."

"Kwa nini namba ileile?"

"Mjomba hataki pengo kwenye daftari. Aliniambia nikiruka namba nyingine atanikata mshahara. Kila namba iwe na mtu. Sasa nakala ya kuonja utaiandika jina la nani? Siiandiki."

Sindano akavuta pumzi. Hilo ndilo walilolifanya miaka yote. Walikuwa na mashine inayoweza kumtaja mwizi hata akipaka masizi, kisha wakazipa nakala mbili namba moja ili daftari lipendeze.

"Alhamisi ilikuwaje?"

"Nilitoa sita, nzuri kabisa. Umeme ukakatika. Uliporudi ikabidi nianze upya, kwa hiyo ya saba nikaionja. Ilikuwa mbaya. Mashine ilikuwa imesahau mipango yote, ikarudi kwenye mipango ya zamani kabisa iliyowekwa siku ilipofunguliwa kutoka kwenye boksi. Chapa ikakaa juu kushoto. Wala haikuwa..."

"Nyamaza." Sindano alikuwa ameona kivuli kikipita chini ya mlango. Akangoja kipite. Akararua ukurasa kwenye kitabu chake. "Hiyo unayotaka kusema, iandike. Chapa yenyewe ilikuwaje, ilikaa wapi. Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani jambo la aibu kama hilo? Nilifanya ile saba mpya Ijumaa asubuhi, yenye jogoo, ndiyo aliyopewa Mkasi. Basi."

"Na ile mbaya uliifuta lini?"

Hapo Fundi akaanza kuandika kwa bidii kuliko ilivyohitajika.

"Lini?"

"Ijumaa hiyohiyo asubuhi. Alhamisi saa kumi na moja baba mkwe alikuwa amefika nyumbani, mke wangu amepiga simu mara sita. Nikaiacha ndani ya mashine nikafunga mlango."

"Funguo za chumba hiki zipo ngapi?"

"Mbili. Wangu, na wa Mjomba." Akainua macho. "Afande, unanishuku mimi?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

"Lakini nimekuambia kila kitu!"

"Ndiyo maana uko wa kwanza. Wa pili hajaniambia kitu bado."

Akaisoma karatasi, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kifuniko cha simu yake. Kilichoandikwa sitawaambia sasa. Nami niliposimuliwa nilinyimwa vilevile, na nilikuwa nimeshamtengea msimuliaji kinywaji.

Saa tisa na nusu watu wanne walikuwa chumba cha uhariri. Sindano alikuwa amesimama, bila shaka. Mkasi mbele ya kioo chake kilichozimwa, vidole vinabonyeza meza. Fundi alikuwa ameegemea ukuta kama amebandikwa. Mjomba aliingia wa mwisho na karatasi yake ya uzembe, sasa imepigwa chapa safi na ina mstari wa saini.

"Mwanasheria amefika getini," akasema. "Anaandikishwa jina. Shemeji, kalamu hii hapa."

Mkasi akaitazama kalamu. Vidole vyake vilikoma kubonyeza. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana mtu aliyechoka kiasi cha kuweza kutia saini chochote, ilimradi aachwe aende nyumbani akalale.

"Ngoja kidogo," Sindano akasema. "Tumepata nakala ya kumi."

"Nakala ya kumi ipi?" Mjomba akauliza. "Nilitoa ruhusa ya tisa."

"Fundi alitoa moja ya kujaribia. Nayo ilikuwa namba saba. Iliyoibwa ni hiyo, si ya shemeji yako."

Mkasi akageuka kwenye kiti polepole.

"Nani kasema?" Mjomba akasema.

"Filamu yenyewe. Nakala ya kumi ilitoka na chapa iliyokosewa. Ndiyo maana haina jogoo."

Mjomba akamgeukia mpwa wake, na hapo ile hasira ambayo siku nzima alikuwa ameibana kifuani ikapata mlango. Mimi watu wenye hasira nawapenda sana, husaidia kazi.

"Unaona? Unaona wewe? Nilikuambia uondoe takataka zako za zamani kwenye hiyo mashine! Miaka minne nakuambia! Mpaka leo hujafuta? Studio hii ni ya jogoo. Jogoo! Mtu anatengeneza filamu yake kwa jasho, halafu vichwa viwili vinakaa juu ya mjane makaburini kama wafiwa waliochelewa gari! Nani kakwambia..."

Akaishia hapo. Hakuna aliyemkatiza. Alisimama mwenyewe, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Vichwa viwili?" Mkasi akasema.

Sindano alikuwa ameshaitoa karatasi. Aliikunjua mkunjo mmoja baada ya mwingine, bila haraka, yeye ambaye tangu asubuhi hakuweza kutulia hata kwenye kiti. "Mimi nimesema imekosewa. Sikusema ilikuwa ipi. Fundi aliiandika saa nane kasoro." Akasoma. "'Chapa ya zamani ya studio. Vichwa viwili, Mjomba na marehemu kaka yake. Juu kushoto.'"

Mjomba akaishusha ile kalamu.

"Aliniambia huyu," Mjomba akasema, akimnyooshea Fundi kidole.

"Mimi?" Fundi akabanduka ukutani. "Mjomba, mke wangu mwenyewe sijamwambia! Nikwambie wewe, ili uniue?"

"Basi nimesikia. Mambo yanasikika."

"Kwa nani?" Sindano akauliza. "Tunaijua watu wawili, na wa pili ni mimi."

"Alhamisi mlango huo..." Mjomba alianza, akaona anakoelekea, akageuza. "Si iko kwenye simu za watu? Kila mtu anaitazama. Na mimi nimeitazama, kwani sina macho? Nimeona humo."

"Asubuhi ulisema hujaigusa."

"Nilionyeshwa na mtu. Juu juu tu. Afande, mimi ni mtu mzima, jengo hili ni langu..."

"Uliingia Alhamisi jioni," Sindano akasema, "ukaiwasha, ukakuta vichwa viwili. Ukairekodi kwa simu yako, ukaisogeza karibu mpaka vichwa vyote viwili vikatoka nje ya picha. Hukuwa unakata chapa ili utupoteze njia sisi wapelelezi. Ulikuwa hutaki uliowatumia kwa kujisifu wamwone marehemu kwenye filamu unayosema ni yako peke yako. Umemtumia nani?"

"Sijamtumia mtu! Nimekuambia nimeiona kwenye simu, kama watu wote!"

Mkasi alikuwa amesimama. Alitoa simu yake mfukoni, akaifungua ile filamu ya wizi, akaipeleka mbele mpaka makaburini, akaisimamisha. Mjane hana paji la uso. Viatu vyeupe, udongo. Nyayo za mwanasheria zilisikika koridoni, zikauliza njia, zikaelekezwa.

Akamwekea Mjomba simu mkononi.

"Nionyeshe, shemeji," akasema. "Mume wangu yuko wapi hapa?"

Mjomba akaishika. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Mlango ukabishwa hodi na hakuna aliyeitikia. Kisha, mbele ya macho yao wote watatu, akaanza kujipapasa mifukoni, wa shati, wa suruali, wa koti, akiitafuta miwani iliyokuwa imekaa juu ya pua yake.